Hesabu ya Moshi

Lawama ni mzigo ambao kila mtu hupenda kuuona begani mwa mwenziwe. Watoto waliovunja mtungi hunyosheana vidole. Wazee walioshindwa katika kesi humlaumu wakili. Na mataifa, ambayo yangetazamiwa kuwa na busara kuliko watoto, hayana mwendo mwingine. Katika zama zetu mataifa yamepata uwanja mpya wa kulaumiana, nao ni daftari la gesi zinazoipasha dunia joto. Nchi zilizokubali Mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya Mabadiliko ya Tabianchi, ya mwaka 1992, hutakiwa kutoa hesabu ya gesi zinazopaa kutoka katika viwanda vyao, magari yao, mifugo yao na misitu yao. Hesabu hizo huchorwa kwa mstari, na mstari hupanda au hushuka mwaka baada ya mwaka. Mtazamaji akiona umepanda husema kuwa nchi ile ni mkosaji. Akiona umeshuka husema kuwa imejirudi.

Nataka tuulizane, wewe msomaji nami, kama hukumu ya namna hiyo ni ya haki. Mtu hulaumiwa kwa tendo alilolitenda akijua, tena akiwa na uwezo wa kuliacha. Je, mstari uliochorwa karatasini waweza kutuonyesha tendo, na ujuzi, na uwezo? Swali hili laweza kupotea hewani kama gesi zenyewe tukiliacha bila ya mfano. Basi tushike gesi moja, methani. Na chanzo kimoja, misitu. Na nchi moja, Indonesia. Nimeichagua nchi hiyo kwa kuwa mstari wake hupanda na kushuka kwa kishindo, na kwa sababu nyingine mbili zinazotuhusu sisi wa Kenya, ambazo zitaonekana mbele.

Methani yaundwa kwa kaboni moja na haidrojeni nne. Haina rangi wala harufu. Mwaka 1776 Mtaliano mmoja, Alessandro Volta, alikusanya mapovu yaliyotoka katika matope ya Ziwa Maggiore, akaona kwamba gesi iliyomo huwaka; na yeyote aliyepita katika majaruba ya mpunga ya Mwea, au kando ya kinamasi cha Yala, yamkini amepata kuyaona mapovu ya jinsi hiyo bila ya kuyajali. Hutengenezwa na viini vidogo sana vinavyoishi mahali pasipo hewa, ambapo majani na mizizi huoza chini ya maji. Gesi hii haidumu sana angani, kwa wastani miaka kama 12 hivi. Lakini katika maisha yake hayo mafupi hushika joto kwa nguvu kubwa: tani moja ya methani, athari yake ikipimwa kwa muda wa miaka 100, huipasha dunia joto kiasi cha mara 28 ya tani moja ya hewa ya ukaa.

Msitu una tabia mbili juu ya gesi hii, na hapo ndipo ugumu wa kulaumu unapoanzia. Udongo wa msitu usiotuama maji, kama ule wa mlimani, una bakteria wanaokula methani, kwa hiyo msitu huo huisafisha hewa. Msitu wa kinamasi, kinyume chake, huitoa. Tena haitoki katika maji peke yake. Wachunguzi waliopima miti ya mabonde yanayofurika ya mto Amazon walionyesha mwaka 2017 kwamba mashina yake huipitisha methani kutoka ardhini kama dohani. Kisha kuna moto. Moto wenye mwali mrefu na hewa ya kutosha huunguza karibu kila kitu, lakini moto unaofuka polepole bila ya mwali huacha gesi nyingi zikipaa kabla hazijaungua. Mpishi anayepuliza kuni mbichi alfajiri aijua tofauti hiyo kwa macho yake yanayotoka machozi. Wataalamu wanaoshauri mataifa juu ya tabianchi wameiweka tofauti hiyo katika namba: kilo moja ya nyasi kavu za mbuga ikiungua hutoa methani kiasi cha gramu 2.3, kilo moja ya msitu wa nchi za joto, gramu 6.8, na kilo moja ya mboji ya kinamasi, kiasi cha gramu 21.

Namba hiyo ya mwisho ndiyo inayotupeleka Indonesia. Katika Sumatra, katika Borneo na katika Papua, nchi hiyo ina zaidi ya hekta milioni 13 za ardhi ambayo si udongo wa kawaida. Ni mabaki ya miti na majani yaliyoanguka majini, yakakosa hewa ya kuyaozesha, yakalundikana milimeta moja au mbili kwa mwaka kwa maelfu ya miaka, hata mahali pengine kina chake kimepita meta 10. Naiita mboji kwa kukosa jina bora, ingawa mboji ya shambani kwa mkulima wetu ni mjukuu wake tu. Ikiwa imejaa maji, mboji hii haishiki moto hata ukiichochea mchana kutwa. Ikikaushwa, ni kuni.

Mwezi wa Desemba mwaka 1995 Rais Suharto alitoa amri kwamba eneo la hekta kama milioni moja, katika jimbo la Kalimantan ya Kati huko Borneo, ligeuzwe mashamba ya mpunga. Hekta milioni moja ni eneo kubwa kuliko kaunti nzima ya Kwale, na sehemu kubwa yake ilikuwa mboji. Usifanye haraka kumcheka. Indonesia ilikuwa imepata kujitosheleza kwa mchele mwaka 1984, fahari kubwa kwa taifa lililoonja njaa. Na haikupita miaka kumi na mitano ila ilikuwa imerudi kununua mchele ng'ambo, ilhali watu wanazidi. Nia ya kulisha watu si nia mbaya. Basi ikachimbwa mifereji yenye urefu wa zaidi ya kilometa 4,000, karibu mara tano ya njia ya kutoka Mombasa hadi Kisumu, na maelfu ya familia zikahamishwa kutoka Jawa zije kulima. Lakini mfereji haujui kuwa umechimbwa kwa ajili ya mpunga. Hufanya kazi moja tu, kuondoa maji. Mboji ikakauka, mpunga ukakataa kustawi katika udongo mchachu, na katikati ya mwaka 1997 mvua ikakatika.

Moto uliowashwa kusafisha mashamba ukaingia ardhini. Moto wa namna hii hauonekani ukikimbia. Hutambaa chini kwa chini. Mti uliosimama leo wima kesho huanguka kwa kuwa mizizi yake imeliwa, na manyunyu ya siku mbili tatu hayauzimi. Moshi wake ulifunika miji ya Borneo na Sumatra, ukavuka bahari hadi Singapuri na Malaysia, na watu wakaenda mchana na taa zimewashwa. Watafiti waliokadiria baadaye, katika makala iliyotoka mwaka 2002, walisema kwamba mboji na miti iliyoungua Indonesia mwaka 1997 ilitoa kaboni kati ya tani bilioni 0.81 na tani bilioni 2.57, yaani sehemu kati ya 13 na 40 katika kila mia ya kaboni ambayo dunia nzima ilikuwa ikitoa kwa mwaka kwa kuchoma makaa, mafuta na gesi.

Tazama upana wa makadirio hayo. Namba ya juu ni zaidi ya mara tatu ya namba ya chini. Mwanafunzi akimwambia mwalimu wake wa hesabu kwamba jibu liko kati ya nane na ishirini na sita, atarudishiwa daftari. Wale watafiti hawakuwa wazembe, walikuwa waaminifu. Hapana mizani angani. Hesabu ya moshi wa msitu hupatikana kwa kuzidisha: eneo lililoungua, mara uzito wa vitu vilivyokuwamo, mara sehemu iliyoteketea, mara gramu za gesi kwa kila kilo. Setilaiti huona eneo, lakini haioni kama moto ulikwenda chini nusu meta au robo meta, na katika mboji tofauti hiyo ndiyo kila kitu. Kwa hiyo mstari tunaouona mwembamba na mkali karatasini ungekuwa wa haki zaidi lau ungechorwa kwa brashi ya chokaa. Mtu mwenye kutaka kuhukumu na ajue kwanza kuwa shahidi wake huona kwa mbali.

Hata hivyo shahidi anayeona kwa mbali si shahidi wa uongo, na mwendo wenyewe hauna shaka. Mwaka 2015, mwaka mwingine wa ukame, ziliungua hekta kama milioni 2.6. Mwaka 2019 ziliungua hekta kama milioni 1.6. Mwaka 2020 eneo lilipungua ghafula, likawa chini ya hekta 300,000, na mwaka 2022 likawa karibu hekta 200,000 tu. Mwaka 2023 likapanda tena, likapita hekta milioni 1.1. Methani ya moto hufuata eneo lililoungua, na zaidi hufuata kiasi cha mboji kilichomo. Aliyeutazama mstari mwaka 2022 alikuwa na haki ya kuandika kwamba Indonesia imejirudi. Na baada ya miezi kumi na miwili alikuwa na haki ile ile ya kuandika kwamba imerudia kosa. Watu ni wale wale, na serikali ni ile ile. Kilichobadilika kwa ghafula hiyo ni mvua.

Hapa yaingia sababu ya kwanza inayotuhusu. Bahari ya Hindi ni kama mizani, kitanga kimoja upande wetu na kitanga kingine upande wa Sumatra. Iko miaka ambayo maji ya upande wetu huwa na joto kupita kawaida na maji ya upande wao hupoa. Ndipo mawingu hujaa kwetu, na kwao mbingu hukauka kama ngozi ya ngoma. Mwaka 1997 ulikuwa mmoja wa miaka hiyo. Muulize mzazi wako habari za mvua iliyoanza Oktoba mwaka ule ikaingia mwaka 1998, iliyochukua madaraja na kuikata barabara ya Mombasa na Nairobi. Jina la El Niño halijatoka midomoni mwa watu tangu siku hizo. Mwaka 2019 ulikuwa mwingine, na mwezi wa Novemba milima ya Pokot Magharibi iliporomoka usiku ikafukia makumi ya watu. Mwaka 2023 ulikuwa mwingine, na Garissa na Tana River zikageuka ziwa. Katika kila mmoja wa miaka hiyo mitatu, sisi tulipokuwa tukiokota vyombo vyetu majini, watoto wa Palangka Raya walikuwa wakifunga pua kwa kitambaa wapate kwenda shule.

Basi kama ukame wa mwaka 1997 ni dhambi ya Indonesia, mafuriko ya mwaka ule ni dhambi ya Kenya. Hakuna Mkenya atakayekubali. Vivyo hivyo kama mvua ya mwaka 2022 ni wema wa Indonesia, basi na sisi tusifiwe kwa kila mwaka ambao mto Nzoia haukuvunja kingo zake. Mvua si tendo la mtu, na kisicho tendo hakina sifa wala lawama.

Najua utaniambia kwamba nimewafungulia wakosaji mlango. Wenye kutetea moshi wamekuwa wakisema hivyo hivyo kila mwaka: ni ukame, ni El Niño, ni mapenzi ya Mungu. Hoja yao ina jibu, na jibu limo ardhini mwao wenyewe. Mboji yenye kina cha meta 10 imekaa pale kwa maelfu ya miaka. Katika maelfu hayo ukame umekuja na kwenda mara nyingi kupita kuhesabika. Umeme wa radi umepiga. Na watu wa Borneo, ambao wamelima kwa moto tangu zamani, wamewasha mashamba yao. Mboji haikuteketea. Lau ukame peke yake ungetosha kuiteketeza, isingekuwapo leo ya kuzozaniwa. Kitu kipya kilichoongezwa ni mfereji. Ukame ulimkuta mwenye nyumba amefungua mlango.

Fikiri mlinzi wa ghala ambaye kila usiku huacha mlango wazi. Miaka mitatu haji mwizi. Mwaka wa nne mwizi huja akabeba magunia. Mwenye ghala hesabuye mwishoni mwa mwaka atamwona mlinzi yule kuwa mwema kwa miaka mitatu na mbaya kwa mmoja, lakini wewe na mimi twajua kuwa ni mtu yule yule usiku wote. Kosa lake halimo katika magunia yaliyopotea, limo katika komeo. Kwa jinsi hiyo ubaya wa mwaka 1997 ulitendwa mwaka 1996, wakati ambapo hapakuwa na moshi wa kuutangaza, na mstari haukusema neno. Na mradi ule ulipoachwa, baada ya Suharto kuondoka madarakani mwaka 1998, mifereji haikuondoka naye. Iliendelea kutoa maji usiku na mchana chini ya serikali ambazo hazikuichimba.

Kutoka hapa twafika penye jambo la ajabu zaidi, ambalo nadhani halisemwi vya kutosha. Mstari waweza kushuka kwa sababu mbaya. Nimekwisha kusema kwamba kinamasi kilicho kizima hutoa methani, maana viini vyake huishi pasipo hewa. Kikaushe, hewa iingie, na viini vile hupungua. Sehemu kubwa ya methani hukoma kutoka katika uso wa ardhi, ingawa mifereji yenyewe huendelea kuitoa. Katika safu ya methani nchi itaonekana imefanya vema. Lakini mboji iliyoguswa na hewa huoza, na kwa kuoza hutoa hewa ya ukaa mwaka baada ya mwaka hata pasipo moto, na deni hilo huandikwa katika safu nyingine ya daftari ambayo huenda msomaji hakuifungua. Na nchi iliyoimaliza misitu yake yote, je? Hiyo mstari wake wa methani ya misitu utalala sifuri, umenyooka, hauna hata nundu. Ni kama mtu aliyekomesha ugomvi nyumbani kwake kwa kuwafukuza jamaa wote.

Kwa sababu hiyo kanuni za hesabu za kimataifa zaitaka kila nchi ihesabu gesi za ardhi inayotunzwa na watu, na kuacha zile za ardhi ambayo mkono wa mtu haujaigusa. Ni kanuni ya busara, kwa kuwa yafuata lile tulilolisema: palipo tendo ndipo penye lawama, na kinamasi kinachopumua chenyewe hakimkosei mtu. Walakini nchi yenyewe ndiyo ichorayo mpaka kati ya ardhi inayotunzwa na isiyotunzwa. Mshtakiwa amepewa kalamu ya kuandika mashtaka. Sisemi kuwa kila nchi hudanganya. Nasema tu kwamba kalamu hiyo ni nzito kwa mkono wa mtu mwema na nyepesi kwa mkono wa mwingine.

Mpaka sasa nimesema "Indonesia" kana kwamba ni mtu mmoja mwenye moyo mmoja. Yupo mkulima mdogo. Sheria ya nchi hiyo ya mwaka 2009 humruhusu achome shamba lisilozidi hekta mbili kwa desturi ya wazee wake, na katika ardhi ya udongo wa kawaida moto huo hufa jioni. Akiwasha moto ule ule penye mboji iliyokaushwa na mtu mwingine, hufuka miezi. Mkono ni wake. Kiberiti ni chake. Lakini kuni hakuzitandaza yeye. Yupo mwenye shamba kubwa la michikichi, ambaye hachomi labda, lakini hukausha, kwa kuwa mchikichi haupendi miguu yake ikae majini. Yupo waziri aliyetia sahihi ya kibali akiwa Jakarta, mbali na moshi. Ukimuuliza kila mmoja wao, atakuonyesha mwingine, na kila mmoja atakuwa amesema nusu ya kweli.

Wananchi kadhaa wa Kalimantan ya Kati hawakuridhika na nusu za kweli. Baada ya moto wa mwaka 2015 waliishtaki serikali yao kwa kutowalinda. Mwaka 2017 mahakama ya Palangka Raya iliamua kwamba serikali imekosa. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya nchi iliikataa rufani ya serikali. Mwaka 2022 mahakama hiyo hiyo, ilipoombwa kuipitia tena hukumu, iliitengua. Majaji waliobobea, wenye majalada yote mezani, wamelitazama swali letu mara mbili wakatoa majibu mawili. Kwa hiyo usione haya ikiwa nawe unasita.

Mimi sisiti juu ya jambo moja, nalo ndilo sababu ya pili inayotuhusu. Mafuta ya kupikia yanayoshuka bandarini Mombasa mengi ni ya mawese, na mawese hayo hutoka hasa Malaysia na Indonesia. Chapati iliyokaangwa leo katika jiko la shule yako ina safari ndefu nyuma yake. Wapo watakaosema kuwa mnunuzi hana hatia kwa kuwa hajui, na kweli hajui: katika chupa moja mafuta ya shamba la udongo wa kawaida na mafuta ya shamba la mboji iliyokaushwa ni rangi moja na ladha moja. Tena mama anayenunua kibaba cha mafuta kwa fedha za siku hana nafasi ya kuhoji asili yake, na sitaki kumwongezea mzigo. Wahenga walisema kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi twautazama moshi wa Borneo hivyo, kama usufi. Lakini kutojua kwa yule asiyeweza kuuliza si sawa na kutojua kwa yule awezaye kuuliza asiulize. Mwenye kuagiza shehena ya meli nzima aweza kuuliza. Serikali inayopanga ushuru wa mafuta yaweza kuuliza. Nawe uliyekwisha kusoma mpaka hapa umekwisha kutoka katika kundi la wasiojua, upende usipende. Kwa upande wangu, simwoni mkulima wa hekta mbili kuwa na deni kubwa kuliko mwagizaji wa shehena, ingawa katika daftari la mataifa gesi yote imeandikwa kwa nchi ya mkulima wala hapana hata gramu moja iliyoandikwa kwetu.

Basi wema wa nchi katika jambo hili utaonekana wapi, ikiwa mstari peke yake hautoshi? Wapaswa kutafutwa kwenye komeo la mlango. Mwaka 2011 Indonesia ilisimamisha utoaji wa vibali vipya katika misitu ya asili na ardhi ya mboji, na mwaka 2019 ikaifanya amri hiyo kuwa ya kudumu. Mwaka 2016, moshi wa mwaka uliotangulia ukiwa bado vifuani mwa watu, ikaunda shirika la kurudisha maji katika zaidi ya hekta milioni mbili za mboji. Hayo ni matendo, nayo yastahili kutajwa kwa heshima. Ukilinganisha mwaka mkavu na mwaka mkavu, kama ilivyo haki, mwaka 2023 uliunguza chini ya nusu ya mwaka 2015. Na ingawa hakuna ukame ulio pacha wa mwingine, sidhani kuwa kazi yote hiyo ilikuwa bure. Lakini mwaka 2020 serikali hiyo hiyo ilitangaza mpango mpya wa mashamba ya chakula katika Kalimantan ya Kati, ukigusa sehemu ya ardhi ile ile ya mpunga wa Suharto. Hofu ya njaa ilikuwa imerudi pamoja na maradhi ya mwaka ule, na hofu ya njaa si jambo la kudharau. Mkono mmoja ukiziba, mwingine wafungua.

Kanuni ya mwaka 2016 inasema kwamba katika mboji iliyolimwa maji yasishuke zaidi ya sentimeta 40 chini ya uso wa ardhi. Ili kuyapima, bomba jembamba husimikwa kwenda chini, na mtu huingiza kijiti chenye alama akaona maji yamefika wapi. Mahali pengine wanakijiji wameziba mfereji kwa magogo na mbao na magunia ya mchanga, maji yakarudi nyuma, na mboji ikaanza kulowana. Boma kama hilo huvuja, hubomolewa na mwenye mtumbwi anayetaka kupita, hujengwa tena. Katika mwaka wa mvua hapana gazeti litakaloandika habari zake, na mstari wa methani hauna nafasi ya kulionyesha, na huenda hata ukapanda kidogo kwa kuwa kinamasi kimeanza kupumua. Kijiti kile husomwa mwaka mzima, lakini usomaji wenye maana ni ule wa mwezi wa Septemba, mvua zikiwa zimechelewa, wakati mtu anapoinama juu ya bomba kutazama alama ya 40.